Lini Uanze Likizo ya Uzazi: Mwongozo kwa Wafanyakazi wa Karatu na Ngorongoro

Mwanamke mjamzito aliyeajiriwa hufika wakati ambapo hana budi kuikabili kalenda na kuamua: nianze likizo lini? Wapo wanaoanza mapema kwa sababu miguu imevimba na kazi imewashinda. Wapo wanaofanya kazi hadi uchungu unapoanza, wakitaka siku zote za likizo zibaki kwa ajili ya mtoto. Wapo pia ambao hawaamui chochote, kwa sababu msimamizi wa kazi amekwisha kuwaamulia.

Katika wilaya za Karatu na Ngorongoro uamuzi huu una uzito wa pekee. Mhudumu wa vyumba katika loji iliyo ukingoni mwa kreta huenda akalala kazini, mbali na nyumbani kwake na mbali na chumba cha upasuaji. Mchuma kahawa wa Oldeani, mfanyakazi wa mashamba ya vitunguu ya Mang'ola na mwalimu wa kijiji cha Nainokanoka, kila mmoja ana barabara yake, mvua yake na mwajiri wake. Katika makala haya tunaeleza sheria inakupa nini, siku za likizo zinahesabiwaje, na mambo gani uyapime kabla ya kuandika tarehe.

Sheria inasema nini

Kwa Tanzania Bara, haki hii imo katika kifungu cha 33 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mambo makuu ya kifungu hicho ni haya:

Mfanyakazi anastahili likizo ya uzazi yenye malipo isiyopungua siku 84. Akijifungua mtoto zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja, anastahili siku zisizopungua 100.

Anaweza kuanza likizo wakati wowote kuanzia wiki 4 kabla ya tarehe ya matarajio ya kujifungua. Anaweza kuanza mapema zaidi iwapo daktari atathibitisha kwamba ni lazima kwa afya yake au ya mtoto aliye tumboni.

Anapaswa kumpa mwajiri taarifa angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya matarajio, pamoja na cheti cha daktari.

Hapaswi kufanya kazi katika wiki 6 za kwanza baada ya kujifungua, isipokuwa daktari athibitishe kwamba ana afya ya kutosha.

Baada ya likizo anarudi kazini kwa masharti yale yale ya ajira aliyokuwa nayo.

Tunaomba msomaji azingatie neno moja: sheria inasema mfanyakazi "anaweza" kuanza wiki 4 kabla. Haisemi kwamba ni lazima aanze siku hiyo. Mlango hufunguliwa wiki 4 kabla, na anayeamua saa ya kuuvuka ni mama mwenyewe, kwa ushauri wa mtoa huduma wake wa afya. Mwajiri hana ruhusa ya kumwondoa mtu kazini mapema kwa hoja kwamba tumbo limekuwa kubwa au kwamba wageni hawapendi kuhudumiwa na mjamzito. Vilevile hana ruhusa ya kumzuia asianze likizo kwa sababu ni Julai na loji imejaa.

Viwango hivi ni vya chini kabisa. Mkataba wako wa ajira, au mkataba wa hali bora uliofungwa kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, unaweza kukupa zaidi. Usome kabla hujaanza kuhesabu.

Siku 84 ni mfuko mmoja

Kosa tunaloliona mara nyingi ni kudhani kwamba wiki 4 za kabla ya kujifungua ni nyongeza juu ya siku 84. Sivyo. Siku 84, ambazo ni wiki 12, ni mfuko mmoja. Kila siku unayoitoa kabla ya mtoto kuzaliwa ni siku ambayo hutakuwa nayo baada ya kuzaliwa kwake.

Tuchukue mfano wa mama ambaye tarehe yake ya matarajio, kwa mujibu wa kadi ya kliniki, ni 30 Juni. Tukihesabu siku zote za kalenda, na mtoto akazaliwa siku ile ile iliyotarajiwa, hali itakuwa hivi:

Akianza likizo tarehe 2 Juni, yaani wiki 4 kabla, likizo itaisha tarehe 24 Agosti. Kuanzia siku ya kujifungua atakuwa na siku 56, yaani wiki 8, pamoja na mtoto.

Akianza tarehe 16 Juni, yaani wiki 2 kabla, likizo itaisha tarehe 7 Septemba. Atakuwa na siku 70, yaani wiki 10.

Akianza tarehe 23 Juni, yaani wiki 1 kabla, likizo itaisha tarehe 14 Septemba. Atakuwa na siku 77, yaani wiki 11.

Lakini watoto hawasomi kadi ya kliniki. Ni wachache sana wanaozaliwa siku ile ile iliyoandikwa. Mama aliyeanza tarehe 2 Juni, na mtoto akachelewa hadi tarehe 14 Julai, atabakiwa na siku 42 tu, yaani wiki 6 kamili. Hizo ndizo wiki ambazo sheria yenyewe inamkataza kufanya kazi, kwa hiyo atarudi kazini siku inayofuata bila akiba yoyote. Yule aliyeanza tarehe 16 Juni, mtoto akichelewa vivyo hivyo, atabaki na siku 56.

Mtoto akiwahi, hesabu inageuka. Mama aliyepanga kuanza tarehe 16 Juni akajifungua tarehe 9 Juni, likizo yake itaanza siku hiyo na kuisha tarehe 31 Agosti, na siku zote 84 zitakuwa za baada ya kujifungua. Kwa mtoto njiti, marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yamempa mama muda wa ziada unaozingatia wiki za mimba ambazo hazikutimia. Mwombe daktari aandike waziwazi umri wa mimba siku ya kujifungua, kwa kuwa hesabu ya muda huo hutegemea maandishi hayo.

Usitumie likizo kuikimbia kazi isiyokufaa

Wanawake wengi huanza likizo mapema kwa sababu kazi yenyewe imekuwa ngumu au ya hatari. Kabla ya kufanya hivyo, fahamu kwamba sheria imeweka kinga nyingine ambazo hazipunguzi hata siku moja katika zile 84.

Kinga ya kwanza ni dhidi ya kazi za usiku. Chini ya kifungu cha 20 cha sheria hiyo, mwajiri haruhusiwi kumpangia mjamzito kazi ya usiku katika miezi 2 kabla ya tarehe ya matarajio, wala kabla ya hapo iwapo daktari amethibitisha kwamba haimfai tena. Usiku ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Kwa wahudumu wa baa, mapokezi na jikoni katika loji na kambi za watalii, jambo hili ni kubwa. Mama aliyejifungua naye ana kinga ya namna hiyo kwa miezi 2 baada ya kujifungua.

Kinga ya pili ni dhidi ya kazi za hatari. Mwajiri haruhusiwi kumpa mjamzito au mama anayenyonyesha kazi inayohatarisha afya yake au ya mtoto. Palipo na hatari hiyo, mwajiri anapaswa kumpa kazi nyingine inayomfaa, ikiwezekana, kwa masharti yasiyo duni kuliko yale ya awali. Kupulizia dawa za kuua wadudu shambani, kubeba magunia ya kahawa na kuinua magodoro mazito ni mifano ya kazi zinazostahili kujadiliwa mapema. Mama anayehamishiwa kwenye kukunja mashuka au kuchambua kahawa akiwa ameketi anaweza kubaki kazini kwa usalama hadi wiki ya mwisho, ilhali mwenzake asiyeujua mlango huu angelazimika kuanza likizo mapema.

Kinga ya tatu ni likizo ya ugonjwa. Ujauzito si ugonjwa, lakini mjamzito huugua kama mtu mwingine yeyote. Ukipata malaria katika mwezi wa sita, au daktari akikuamuru upumzike siku kadhaa, hiyo ni likizo ya ugonjwa kwa cheti cha daktari, na ina hesabu yake mbali na ya uzazi.

Likizo ya mwaka nayo ina mahali pake. Ni siku 28, na unaweza kuomba uitumie kabla ya likizo ya uzazi au mara baada yake, ingawa mwajiri ana sauti katika kupanga wakati wake. Asichoruhusiwa ni kukufanya utumie likizo ya mwaka badala ya likizo ya uzazi.

Pima barabara katika siku mbaya

Tumesema kwamba kuanza mapema kuna gharama. Sasa tuseme upande wa pili: ziko hali ambazo gharama hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na hatari ya kuchelewa.

Anayeishi na kufanya kazi Karatu mjini, karibu na Hospitali ya Kilutheri Karatu au hospitali ya FAME, anaweza kwa kawaida kufanya kazi nyepesi hadi siku chache kabla ya tarehe yake, ikiwa mimba haina matatizo. Hali ni tofauti kwa anayefanya kazi juu ya lango la Lodoare. Barabara hupanda hadi ukingo wa kreta, mahali ambapo ukungu huweza kuziba njia asubuhi na jioni. Anayetoka Endulen ana hospitali ya hapo hapo, na wa upande wa Loliondo ana hospitali ya Wasso. Lakini wa vijiji vya katikati ana safari ndefu kwenda upande wowote. Masika ya Machi hadi Mei hufanya njia za vijijini ziteleze na makorongo yajae.

Kwa hiyo kadiria muda wa safari kwa kutazama siku mbaya, si siku njema. Jiulize: uchungu ukinianza saa 8 usiku, mvua ikinyesha, nitatumia gari la nani, nitapita njia gani, na nitafika baada ya saa ngapi? Kama njia yako inapita kwenye lango la hifadhi, uliza mapema utaratibu wa kupita usiku. Kama jibu linakutia hofu, anza likizo mapema na usogee karibu na hospitali. Baadhi ya hospitali na vituo vya afya vina nyumba za wajawazito kusubiria kujifungua; uliza kliniki yako. Ukiwa na ndugu Karatu, Mto wa Mbu au Arusha, mtaarifu tangu mwezi wa saba kwamba utakuwa mgeni wake.

Sogea mapema pia, hata kama unajisikia vizuri, iwapo ulijifungua kwa upasuaji hapo awali, una mapacha, una shinikizo la damu, au mkunga amekuambia kwamba mtoto amekaa vibaya. Katika hali hizo tarehe ya kuanza likizo ipangwe na daktari, na cheti chake kinaweza kukuruhusu kuanza hata kabla ya wiki 4.

Dalili za hatari hazina kalenda: kutokwa na damu, maumivu makali ya kichwa, kuona maruweruwe, kuvimba uso na mikono, degedege, homa kali, chupa kuvunjika, au mtoto kupunguza kucheza. Mojawapo ikitokea, acha kazi na uende hospitali mara moja. Masuala ya likizo yatashughulikiwa baadaye. Kwa usafiri wa dharura, piga 115 bila malipo. Ni namba ya mpango wa m-mama unaowasafirisha wajawazito na watoto wachanga.

Wafanyakazi wa msimu na walioajiriwa karibuni

Kwa kawaida, mfanyakazi aliyetumikia chini ya miezi 6 hana haki ya likizo yenye malipo chini ya sheria hii. Lakini kuna mambo mawili yanayowahusu wengi hapa kwetu. Mfanyakazi aliyeajiriwa kwa msimu anastahili likizo zenye malipo. Na aliyefanya kazi zaidi ya mara moja katika mwaka kwa mwajiri yule yule, na jumla ya muda huo ikazidi miezi 6, naye anastahili. Mchuma kahawa au mhudumu wa kambi anayeitwa kila msimu wa wageni asikubali haraka kuambiwa kwamba yeye "si wa kudumu". Atunze mikataba, hati za malipo na hata ujumbe wa simu aliotumiwa kuitwa kazini.

Mwajiri halazimiki kutoa likizo ya uzazi yenye malipo zaidi ya mara 4 kwa mfanyakazi mmoja. Watumishi wa umma wanazo pia Kanuni za Kudumu za utumishi wao. Wamwone afisa utumishi. Mwanachama wa mfuko wa hifadhi ya jamii aulize mapema kuhusu mafao ya uzazi, kwa kuwa hudaiwa kwenye mfuko kwa fomu na masharti yake.

Andika, usiseme tu

Maneno ya mdomo husahaulika meneja anapobadilishwa. Toa taarifa kwa maandishi. Katika mfano wetu wa 30 Juni, barua iwe imefika kabla ya 30 Machi. Inaweza kuwa fupi kama hii:

"Ninatoa taarifa kwamba nina ujauzito na ninatarajia kujifungua tarehe 30 Juni, kama inavyoonyeshwa kwenye cheti cha daktari nilichoambatisha. Ninakusudia kuanza likizo ya uzazi tarehe 16 Juni. Iwapo nitajifungua kabla ya siku hiyo, au daktari ataelekeza vinginevyo, nitakujulisha mapema iwezekanavyo. Naomba pia nisipangiwe kazi za usiku kuanzia tarehe 30 Aprili."

Andika nakala mbili. Moja isainiwe na aliyeipokea, pamoja na tarehe, kisha uihifadhi nyumbani, si katika kabati la kazini. Ukiwa umechelewa kutimiza miezi 3, usinyamaze kwa hofu: andika leo.

Mwajiri akikataa

Anza kwa mazungumzo, ukiwa na nakala ya barua mkononi. Ikishindikana, mwone mwakilishi wa chama chako: CHODAWU kwa wafanyakazi wa hoteli, hifadhi na majumbani, TPAWU kwa wa mashambani, au CWT kwa walimu. Afisa kazi wa mkoa wa Arusha anaweza kukueleza haki yako na kumkumbusha mwajiri wajibu wake. Mgogoro ukiendelea, hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Kuachishwa kazi kwa sababu ya ujauzito si sababu halali kisheria. Jambo hilo likikupata, hesabu siku: shauri la kuachishwa kazi isivyo haki hupelekwa Tume ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Mama mwenye kichanga hujikuta siku hizo zimepita kabla hajapata nguvu ya kutoka nje. Mtume mumeo, ndugu au mwakilishi wa chama aulizie utaratibu mapema.

Kabla ya kuandika tarehe

Keti na mwenzako, au na mtu atakayekusaidia kulea, mjibu maswali haya. Je, kazi yangu inaweza kubadilishwa ili nibaki salama bila kugusa siku 84? Nitafikaje hospitali usiku wa mvua? Mimba yangu ina jambo lolote ambalo daktari anataka kulitazama kwa karibu? Mtoto akichelewa wiki 2, nitabaki na wiki ngapi? Nikirudi kazini, nani atabaki na mtoto, na nitamnyonyesha vipi? Sheria inakupa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha wakati wa kazi, lakini saa hizo zina maana tu ikiwa mtoto yuko karibu. Baba aliyeajiriwa naye ana angalau siku 3 za likizo yenye malipo, mradi azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe.

Jambo la mwisho ni zito kulitaja, lakini anayelihitaji alijue: mtoto akifariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja, mama anastahili siku nyingine 84 za likizo yenye malipo katika mzunguko ule ule wa likizo.

Kwa ufupi, ushauri wetu ni huu. Ikiwa mimba ni salama, kazi imerekebishwa na hospitali iko karibu, tunza siku zako kwa ajili ya mtoto na uanze wiki moja au mbili kabla. Ikiwa hospitali iko mbali, au daktari ana wasiwasi, anza mapema bila kuona kwamba umepoteza kitu. Siku ulizozitumia kuwa karibu na hospitali nazo ni siku ulizomtunza mtoto.